Gari Linalia na Hujui Ni Nini: Mwongozo wa Kuusikiliza Mlio na Kumpata Fundi wa Kuaminika Tanga

Mwaka juzi gari langu, IST, lilianza kuvuma. Nilikuwa natoka Muheza jioni, na nilipofika spidi 60 sauti ikaanza: wuuuu, kama upepo unaopita mdomoni mwa chupa. Nikiongeza mwendo inapanda, nikipunguza inashuka. Kesho yake nikaenda gereji moja ya mjini. Kijana niliyemkuta hakusubiri nimalize kueleza. "Beringi hizo, dada." Hakuliendesha gari, hakuinua hata gurudumu moja. Nikanunua beringi mbili za mbele, nikalipa ufundi, nikaondoka. Kabla sijafika Pongwe, wuuuu.

Aliyenitoa kwenye shida ile ni mzee mmoja wa Makorora. Aliniuliza maswali kwanza, spana bado ziko kwenye sanduku. Halafu akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya tairi la mbele, kwenda mbele kisha kurudi nyuma. "Weka mkono hapa, mwanangu." Nikaweka. Kwenda mbele mpira ulikuwa laini. Kurudi nyuma ulikuwa na meno kama msumeno. Akayahamishia matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, tukaenda hadi stendi ya Kange na kurudi. Uvumaji ulikuwa umehamia nyuma. Matairi yalilika vibaya kwa sababu gari lilikuwa limepoteza alaimenti, yaani magurudumu hayakunyooka sawasawa, na beringi nilizozitoa zilikuwa nzima kabisa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiandika kila mlio wa gari langu na nilichojifunza. Kazi ya mwenye gari si kujua ugonjwa, ni kuzijua dalili vizuri. Na fundi wa kuaminika utamjua kwa jinsi anavyozipokea dalili hizo kabla hajalegeza nati.

Kabla ya yote: milio ya kusimama hapohapo

Kuna milio ambayo haina uchunguzi wa kuendesha. Injini ikigonga kwa sauti nzito, go-go-go, na taa nyekundu ya oili ikawaka, egesha pembeni na uzime. Maana yake ni kwamba oili haifiki inakotakiwa, na vyuma vya ndani vinasagana. Dakika chache tu zinatosha kuiua injini. Usijidanganye kwamba nyumbani ni karibu.

Ukikanyaga breki na kusikia chuma kikisaga chuma, hapo pedi zimekwisha na diski inaliwa. Ita fundi aje ulipo au gari livutwe.

Gurudumu likigonga huku usukani unacheza mkononi, simama uangalie nati za gurudumu kabla ya kitu kingine, hasa kama ulibadilisha tairi siku hizo. Nati zikilegea gurudumu huchomoka. Na ukisikia mfoko chini ya boneti huku kipimo cha joto kimepanda, zima, ondoka mbele ya gari, wala usifungue mfuniko wa rejeta mpaka injini ipoe kabisa. Maji yale yamebanwa kwa presha na yanaunguza uso.

Hatua ya 1: Ondoa yasiyo ya gari

Toa kila kitu kwenye buti: jeki, spana, tairi la akiba kama halijafungwa vizuri, chupa, ndoo. Angalia chini ya viti. Angalia namba ya gari mbele na nyuma kama haijalegea skrubu. Kisha endesha tena. Nimewahi kuhangaika wiki nzima na kilichokuwa kinagonga ni mpini wa jeki.

Ukitoka njia ya kokoto na ghafla gurudumu moja linapiga kelele kali ya kukwangua, huenda kijiwe kimenasa kati ya diski na bati lake la kinga. Mara nyingi kurudi nyuma taratibu mita chache hukitoa.

Na sisi wa pwani tuna mlio wetu. Gari likilala nje usiku wenye unyevu au mvua, diski za breki hushika kutu nyembamba. Asubuhi breki za kwanza zinakwaruza, kisha sauti inaisha. Hilo si tatizo. Lisipoisha baada ya kufunga breki mara kadhaa, hapo ndipo uendelee na hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Mlio unafuata injini au unafuata magurudumu?

Swali hili moja linapunguza nusu ya kazi.

Anza gari likiwa limesimama, giya iko P au N na breki ya mkono imevutwa. Kanyaga mafuta taratibu mpaka mshale wa injini ufike pale unapokuwaga mlio ukitokea barabarani. Ukiusikia, basi unatoka kwenye injini au vitu vinavyozungushwa nayo: feni belti, alteneta, wota pampu, kompresa ya AC, egzosi. Washa AC kisha uizime. Mlio ukija na AC na kuondoka nayo, umeshajua upande wa kutazama.

Usipousikia, nenda barabara iliyonyooka na isiyo na watu. Ukiwa kwenye mwendo ambao mlio hutokea, weka N kwa sekunde chache na uache gari liserereke. Usizime injini, maana usukani na breki vitakuwa vizito. Injini ikirudi silensa, yaani mzunguko wake wa chini kabisa, na mlio ukaendelea vilevile, chanzo ni magurudumu: tairi, beringi, shafti au breki.

Unaweza hata kuhesabu. Tairi la gari dogo likizunguka mara moja linasogea chini kidogo ya mita 2. Kwa spidi 20 linazunguka karibu mara 3 kwa sekunde. Ukisikia tak-tak-tak tatu kwa sekunde kwenye mwendo huo, kitu kinagonga mara moja kwa kila mzunguko: msumari uliochoma tairi, au jiwe lililobanwa kwenye kashata zake.

Hatua ya 3: Tafuta mahali pa kusikilizia

Mtu akikaa kiti cha nyuma atasikia usichosikia wewe mbele. Mchukue ndugu au jirani, fungueni vioo, zimeni redio na feni.

Ngamiani ni mahali pazuri sana kwa kazi hii, mapema asubuhi kabla bodaboda hazijajaa. Barabara zile za namba zina nyumba zilizokaribia njia, na kuta zinakurudishia sauti. Pita taratibu ukuta ukiwa upande wa kushoto, kisha urudi ukuta ukiwa kulia. Mlio wa gurudumu la upande wa ukuta utausikia wazi zaidi. Kwa beringi na matairi unahitaji lami ndefu, na hapo barabara ya kwenda Muheza inafaa, ukiheshimu spidi 50 kwenye makazi. Kwa mambo ya miguu ya gari, yaani shokapu na viungo vyake, njia yoyote ya mtaani yenye mashimo madogo inatosha. Pita spidi 10 au 15.

Kwenye kiwanja kitupu, kata usukani mpaka mwisho na uzungushe gari taratibu huku unakanyaga mafuta kidogo, kwanza kulia, kisha kushoto. Andika mlio umetokea upande gani.

Rekodi kwa simu. Sema ndani ya rekodi yenyewe: "Spidi arobaini, nakata kulia, injini ya moto." Milio ina tabia ya kunyamaza ukifika gereji, na rekodi itakusaidia.

Hatua ya 4: Kuutambua mlio

*Kata-kata-kata ukikata kona.* Ni jointi ya nje ya shafti. Chungulia nyuma ya gurudumu la mbele uone raba nyeusi yenye mikunjo. Ikiwa imepasuka, utaona grisi imetapakaa ndani ya rimu. Grisi imetoka, mchanga umeingia. Ukiikuta raba imepasuka lakini hakuna mlio bado, una bahati: kubadilisha raba na kutia grisi mpya ni gharama ndogo sana ukilinganisha na shafti nzima.

*Wuuuu inayopanda na mwendo.* Hapa ndipo mimi nilipopotezwa. Beringi na tairi huvuma karibu sawa. Ukiwa kwenye mwendo salama na njia ni tupu, yumbisha usukani kidogo kushoto na kulia. Ukielekea kulia, uzito wa gari unaegemea kushoto. Uvumaji ukizidi hapo, shuku beringi ya kushoto, na kinyume chake. Tairi kwa kawaida halibadiliki sana ukiyumba, ila linabadilika lami inapobadilika. Pitisha kiganja juu ya tairi kama alivyofanya yule mzee, gari likiwa limezimwa. Ukisikia meno au mabonde, hamisha matairi kwanza kabla ya kununua chochote.

*Kiii asubuhi ukiwasha, au ukiwasha taa na AC.* Ni belti inayoteleza. Fundi anaweza kuinyunyizia maji kidogo upande wenye mifereji, injini ikiwa inanguruma, mikono na nguo zikiwa mbali. Mlio ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, belti yenyewe imechoka au puli hazijalingana. Ukizidi, belti imelegea au kikazio chake kimekufa.

*Mluzi mwembamba wa breki.* Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachogusa diski zinapokaribia kwisha, na kimewekwa makusudi kikuonye. Ukikiheshimu utanunua pedi, ukikipuuza utanunua na diski.

*Kogo-kogo kwenye mashimo.* Wa kwanza kushukiwa ni linki za stebilaiza (vifimbo vya fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), kisha bushi, yaani raba, za mikono inayobeba gurudumu, kisha shokapu, kisha boljointi, kiungo cha mviringo kinacholishika gurudumu kwenye mkono huo. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu na uiachie: ikiendelea kudunda zaidi ya mara moja au mbili, shokapu imechoka. Boljointi usiichezee kabisa, ikichomoka gurudumu hulala. Gari likiinuliwa, fundi alishike gurudumu juu na chini alitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, ni beringi au boljointi. Likicheza kushoto na kulia peke yake, ni tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu. Mwambie afanye ukiwa unaona, nawe ulishike.

*Du! ukiweka D au R.* Mara nyingi ni mauntingi ya injini iliyokufa, ile raba inayoishika injini kwenye bodi.

*Tik-tik-tik kwenye injini ya baridi.* Pima oili kwanza, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Kama ipo chini ya alama, jaza kabla ya kumwita mtu. Lakini ikiwa sauti ni tsi-tsi na inapungua injini ikipata moto, huenda egzosi inavuja karibu na injini. Chuma kikipata joto kinatanuka na kuuziba ule ufa. Usiuvumilie mvujo huo. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na huua watu waliolala ndani ya gari linalonguruma.

*Zzzzz ya bati kwenye mzunguko fulani tu wa injini.* Bati la kinga ya joto juu ya egzosi limekatika mshikio. Chumvi ya bahari inayala sana mabati haya, hasa kwa magari yanayolala maeneo kama Raskazone. Gonga kwa mkono egzosi ikiwa ya baridi, utalisikia. Klipu moja inamaliza kazi.

*Kokoto kwenye kopo, ukipanda mlima.* Waendao Lushoto wanausikia kutoka Mombo kupanda Soni. Mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda: petroli dhaifu, kaboni iliyoganda, au injini inayopata joto kupita kiasi. Punguza kukanyaga, shusha giya, na ukifika lishughulikie.

Ukilichungulia gari mwenyewe, kumbuka hili: usiingize mwili chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Kubeba ni kazi ya stendi za chuma, na magurudumu yanayobaki chini yawekewe mawe.

Hatua ya 5: Kumtafuta fundi

Usiulize "Fundi mzuri ni nani?" Kila mtu ana rafiki wa kumtaja. Waulize ambao gari likilala wao hawali: wa teksi, wa Noah za abiria, wa pikapu za mizigo. Waulize hivi: "Nani alikutengenezea, na ni muda gani sasa halijarudia?" Majina mawili au matatu yakijirudia kwa watu wasiojuana, nenda ukayaone.

Fundi wa miguu ya gari si lazima awe fundi wa injini, na wa umeme ni mwingine. Anayesema anafanya vyote, injini, giaboksi, umeme, AC na rangi, mwulize ni ipi anayoifanya kila siku. Wapo wenye cheti cha VETA, na VETA pia huwatahini na kuwapa vyeti waliojifunzia kazi gereji, kwa hiyo kuuliza cheti si dharau. Ila cheti peke yake hakitoshi, na gereji ya chini ya mwembe si lazima iwe mbaya. Yule mzee wa Makorora hana hata bango.

Mpe kwanza kazi ndogo, kumwaga oili na kubadilisha filta. Simama utazame. Je, anafuta nati ya kumwagia kabla ya kuirudisha? Anaweka nati zilizotoka kwenye kopo, au zinatawanyika mchangani? Anapima oili mwisho na kukuonyesha kijiti? Anaingia chini ya gari bila stendi? Asiyejali maisha yake mwenyewe chini ya gari, sitarajii aijali boljointi yangu.

Hatua ya 6: Mazungumzo

Usifike na jina la ugonjwa. Ukisema "Nibadilishie beringi," atabadilisha beringi, na ikikosea kosa ni lako. Sema dalili:

"Shikamoo, fundi. Gari linavuma kuanzia spidi sitini, nikiweka N linaendelea, nikiyumba halibadiliki. Lilianza wiki mbili zilizopita."

"Marahaba. Injini ikiwa ya baridi je?"

"Vilevile."

"Twende tukalisikilize."

Fundi akisema "twende," nusu ya wasiwasi wangu huisha. Akishataja tatizo, uliza neno moja kwa upole: "Umejuaje?" Anayejua atakuonyesha kwa mkono: hapa panacheza, hapa pamepasuka, shika mwenyewe. Anayebahatisha atakasirika, au atasema magari haya ndiyo ugonjwa wake.

Wengine watasema wapime kwa mashine. Ni sawa, lakini mashine husoma kompyuta ya gari, na kompyuta haina habari ya bushi wala beringi ya kawaida iliyokufa. Hata kwenye injini, kodi, yaani namba ya hitilafu inayotolewa na mashine, inataja dalili tu. P0301 inasema silinda ya 1 haichomi sawasawa. Haisemi kama ni plagi, koili au injekta. Fundi mwenye akili atahamisha koili ya silinda ya 1 kwenda ya 2, afute kodi, aendeshe. Ikija P0302, koili imejitaja yenyewe. Ikibaki P0301, anahamisha plagi. Ni kazi ileile ya yule mzee na matairi: unahamisha kinachoshukiwa, unaangalia kama ugonjwa umekifuata. Haigharimu kitu ila muda. Akikwambia ununue koili nne kwa mpigo bila kuhamisha hata moja, mshukuru uondoke.

Hatua ya 7: Hela na spea

Bei ya spea na bei ya ufundi zitajwe mbalimbali, na ziandikwe, hata kama ni kwenye WhatsApp. Muulize na hili: "Ukifungua ukakuta kingine, utanipigia kabla ya kununua?"

Nenda dukani mwenyewe, au na fundi, mkiwa na kile kilichotoka na picha ya kadi ya gari, maana namba ya chesisi ndiyo inayotambulisha spea sahihi. Ukimtuma peke yake, jua kwamba baadhi huweka cha juu. Mimi huona bora nimlipe ufundi wake vizuri, wazi, kuliko ajitafutie kwenye spea yangu. Uliza kama ni orijino, kopi au ya kuchomoa, yaani iliyotolewa kwenye gari lingine, kisha udai risiti ya EFD; ndiyo itakayokusaidia kuirudisha. Mlango au taa ya kuchomoa haina neno. Beringi, pedi, boljointi na belti, chukua mpya.

Spea iliyotoka ni mali yako. Sema kabla kazi haijaanza: "Ya zamani naondoka nayo." Kwa vitu kama shokapu, weka alama ya rangi kabla gari halijalala gereji. Si kumtuhumu mtu; fundi mwaminifu hufurahi ukiona alichokitoa.

Hatua ya 8: Kabla hujalipa yote

Rudini palepale mlio ulipokuwa unatokea, kwa mwendo uleule, fundi akiwa ndani ya gari. Kuzunguka gereji spidi 10 hakuthibitishi mlio wa spidi 60. Kama tairodi au mikono imeguswa, nenda kwenye alaimenti siku hiyohiyo, usije ukalipia matairi kama mimi. Nati za gurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Mlio ukirudi, mrudie yuleyule kwanza, bila kelele, na rekodi zako mbili, ya kabla na ya baada. Anayelipokea gari na kuanza upya kusikiliza, bila kukudai ufundi mara ya pili kwa kosa lake, mshike huyo. Mtumie hata salamu za Idi.

Mimi nina daftari dogo kwenye droo ya dashibodi. Tarehe, kilomita, mlio, alichosema fundi, alichokuta. Andiko la mwisho linasema: "Kogo-kogo, mbele kushoto, mashimo, spidi 15. Fundi: linki. Alinishikisha, ilicheza. Imebadilishwa moja. Kimya."